Malalamiko Kuhusu Mwezi wa Zohali na Kamba wa Salale

Salale, Rufiji
14 Agosti 1995

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa sayansi,

Niwie radhi kukuandikia bila kufahamiana. Nimemaliza kidato cha nne na sijazoea kulalamika. Hata darasani mkono wangu nilikuwa naunyoosha nusu.

Makala yako kuhusu mwezi wa sayari ya Zohali ilitufikia ikiwa karatasi ya kufungia sukari. Niliisoma pwani mbele ya kina mama na Bwana Mahamudu, mnunuzi wetu wa kamba. Umeeleza kwamba wataalamu hupima mwanga wa infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Kwa kuwa kila gesi hunyonya sehemu yake ya mwanga huo, wanaitambua methani ya kule bila kufika. Bwana Mahamudu akauliza, kumbe yeye anavua viatu kila siku ashuke kunusa kamba kwa ajili ya nini?

Tangu hapo hashuki botini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anapima kamba kwa umbali wa hatua arobaini. Jumatatu iliyopita aliwakataa wa mama yangu, waliovuliwa alfajiri, akachukua wa Bi Waride, ambao hata Bi Waride mwenyewe alikuwa amesimama mbali nao. Mwenye barafu ni yeye peke yake. Akimkataa mama, hatuna pa kuwapeleka.

2. Wataalamu wana chombo. Yeye ana miwani ya jua.

3. Ameanza kupima na vingine. Wali wa Bi Sikudhani, muuza chakula wa hapa pwani, ameutangaza mbichi akiwa botini. Mimi amesema nina kiburi, nami naona haya tu.

Naomba uchapishe kwamba wataalamu wale, lau wangekuwa na boti ya kufika Zohali, wangeshuka wakanusa. Ikishindikana, mpelekeni yeye huko.

Wasalimie wapiga chapa wote, na wataalamu hao mkionana. Mama angekusalimu, ila hajui kama nimeandika.

Msomaji wako wa vipande vipande,
Tasnim Mfaume

N.B. Kabla sijaituma barua hii, maji yalikupwa, boti ikakwama topeni, na Bwana Mahamudu akashuka. Alitumbukiza mkono hadi chini kabisa ya tenga la mama, walikokuwa kamba wa juzi. Akanusa kwa muda mrefu. Sasa anasema atashuka kila siku. Tafadhali usiichapishe. Andika tena kuhusu ule mwezi, na ukiweza, ongeza umbali.