Vumbi la Lonnie Stroud

Lonnie Stroud hakuwa mwizi, jamani, tusimsingizie mtu. Mwizi huvunja kufuli. Lonnie aliuza vumbi tu, na wapenda magari wa Indiana walilinunua kwa kugombania.

Alikuwa akichukua gari la zamani aina ya Chevelle, la kawaida tu, anaipachika injini kubwa, anagonga namba za injini kwa mihuri ya chuma zilingane na za bodi, ionekane ndiyo injini yake ya kiwandani, kisha anaimwagia vumbi, nyasi kavu na mavi ya kuku. Mnunuzi anaapiwa kwamba gari limelala ghalani tangu 1974. Na wenyewe wana mwiko wao: gari la ghalani halifutwi, ukilifuta umeliharibia thamani. Basi, kwa alivyojua Lonnie, hakuna aliyefuta, na hakuna aliyeona kitu.

Asubuhi moja akinywa kahawa mgahawani mjini Kokomo, akaona karatasi ukutani: "Gari la marehemu mume wangu. Linanizibia ghala. Maybelle Tackett." Kahawa ikabaki mezani.

Alikwenda kwa mama huyo na gari lake, Pontiac ya 1966 aliyoachiwa na baba yake. Hiyo ndiyo mali pekee ya halali aliyokuwa nayo, na aliipenda kuliko wake zake wawili waliomkimbia.

Ghalani palikuwa na Chevelle ya 1970, ya buluu, vumbi kidole kizima. Lonnie alitaka kupiga magoti. Badala yake akasonya.

"Pole, mama. Hiki ni chuma chakavu."

"Ndivyo nilivyodhani," akasema Bi Maybelle. "Ngoja nilipanguse basi, angalau upate kuliona."

"Usiguse!" Lonnie akaruka kumshika mkono. "Yaani... utachafuka, mama yangu."

"Mwanangu, una huruma wewe. Ila pesa sitaki. Nataka gari linaloniwahisha kanisani. Kama hilo ulilokuja nalo."

Lonnie akaigeukia Pontiac yake. Akamkumbuka baba yake akiing'arisha ile Pontiac kila Jumamosi. Kisha akaliangalia vumbi lile tamu, na tamaa ikamshinda. Wakabadilishana hati na funguo palepale.

Nyumbani, akafuta mahali padogo tu, penye namba ya injini, apige picha ya kumtumia mnunuzi mmoja tajiri wa Arizona. Namba ikajitokeza. Ile saba haikuwa na mguu.

Lonnie akaketi chini, sakafuni. Muhuri wake wa kugongea namba saba ulivunjika mguu siku alipouangusha. Akakwangua rangi ya buluu mlangoni: chini yake nyekundu, aliyoipaka kwa mkono wake mwenyewe.

Akampigia simu Bi Maybelle. "Mama, hili gari ni bandia!"

"Ala! Nani kalitengeneza?"

Lonnie akautazama ule wekundu mlangoni.

"Mume wangu alilinunua kwako miaka tisa iliyopita," akasema Bi Maybelle. "Akaweka humo akiba yetu yote. Alipoifuta ile namba akagundua ni ya kugongwa, hakupanda gari tena mpaka anakufa. Jina lake hukulikumbuka, wala sura yangu. Rangi nilibadilisha mimi. Vumbi nilijifunza kwako. Unataka kwenda polisi? Nikupeleke, nina gari zuri."

Lonnie alitaka kutukana, likamtoka jingine.

"Asubuhi hiyo Pontiac usiikanyagie mafuta kwa nguvu," akasema taratibu. "Iache ipate moto kwanza. Baba alikuwa akiisubiri."

"Hilo nalo ni uongo?"

"Hapana, mama," akasema Lonnie, na machozi yakamtoka. "Hilo ni kweli."