Kanuni ya Kumbakisha Sleyum

Ijulikane kwa wakaazi wote kuwa dola, baada ya mashauriano ya miezi kumi na moja, imeandaa kanuni yenye vifungu kumi na tisa ili baladia, yaani manispaa ya mji wetu ulio njia ya Ibra kwendea Sur, iruhusiwe kubaki na mtu mmoja: Sleyum, fundi wa mabomba ya maji.

Sleyum alikuwa ametimia miaka sitini. Sheria inasema sitini khalas, nenda nyumbani. Lakini ramani ya mabomba yote ya mji imo kichwani mwake, na kichwa, idara husika ilithibitisha kwa barua, hakipigiki fotokopi.

Habari zilimfikia akiwa ndani ya shimo, tope magotini. Akafurahi kimoyomoyo. Mkewe Azza alikwishampangia kustaafu kwake: kila alasiri wakae pamoja wasikilize sauti za WhatsApp za dada zake watano.

Rasimu aliiandika Mudir Bassam, mkuu wa baladia. Naye alibakisha miezi mitatu kutimia sitini, basi baada ya jina la Sleyum akachomeka maneno machache: "na wengineo wasio na mbadala."

Serikali kuu kule Muscat haikukataa. Ilitaka ushahidi tu. Kila asiye na mbadala akae nyumbani siku saba, simu kaizima, ionekane kitaharibika nini.

"Jambo la busara," alisema Mudir. "Bwana Sleyum, siku ya pili tu watatulilia."

"Inshallah, Mudir. Lakini lile bomba la nyuma ya soko linavuja, niwaonyeshe vijana..."

"Usimwonyeshe mtu!"

Wote wawili wakakaa majumbani, na siku ya pili bomba likapasuka. Vijana wa baladia wakachimba mashimo manane, wakapata nyaya za simu na kiatu kimoja. Soko la samaki likajaa maji. Sleyum aliyasikia yakivuma mtaa wa pili, akainuka, akaenda hadi mlangoni mara tano.

"Kaa, Baba Lujain," Azza alimwambia. "Kifungu cha kumi na mbili: kutoka marufuku."

"Maji yanapotea, Azza! Maji!"

Akakaa. Kahawa ikampoa mkononi, na usiku hakulala.

Siku ya nane alilifunga bomba kwa dakika sita. Wauza samaki wakamshangilia, wengine bado wamepandisha kanzu.

Wiki iliyofuata ripoti ikaja. Huwaida, karani wa Mudir, akaisoma mbele ya wafanyakazi wote.

"Sleyum: abaki, mpaka atakapochoka mwenyewe." Akageuza ukurasa, akakohoa. "Mudir: siku ya kwanza, barua zote zilizokuwa zikingoja tangu Ramadhani zilisainiwa na naibu wake. Siku ya nne, wakaazi walileta sinia la halua kumkaribisha mudir mpya. Astaafu kwa wakati wake."

Sleyum akainamisha uso, akamwonea huruma.

"Halua gani hiyo?" Mudir aliuliza kwa sauti ndogo. "Mbona mimi sikuiona?"

"Ya zafarani, Mudir," alisema Huwaida. "Tuliila yote siku ileile."