Wa Kumshikia Mama Zamu

Jumatatu, 3 Machi
Mama kalala mezani tena, kijiko mkononi. Nilipokitoa kijiko akanong'ona, "Rudia kipimo." Mashine ya mionzi inayotibu saratani haimgusi mgonjwa mpaka aikague yeye, na dozi ya kila mgonjwa huihakiki yeye. Mtaalamu wa fizikia hospitali nzima ni yeye peke yake. Wenzake walihama, nafasi zao zimebaki viti vitupu. Jumamosi tu ndiyo analala kitandani.

Ijumaa natoa hotuba mbele ya shule. Mimi, ninayenunua mkate kwa kunyoosha kidole! Nimeifanyia mazoezi kwa lugha mbili; aibu ninayo kwa zote mbili. Nikiuona uso wa mama nitaweza. Nisipouona, nitazirai. Amesema akipata wa kumshikia zamu atakuja.

Basi nitamtafutia.

Jumanne, 4 Machi
Akili ninazo! Mwalimu wetu wa fizikia! Fizikia anayo, mke hana, haraka hana. Macho chini, nimeviambia viatu vyake kwamba mama anamkaribisha kesho aje aione mashine, ili Ijumaa amshikie zamu. Uongo mtupu. Viatu vimekubali.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu kaja hospitali na tai nyekundu. Mama akanipiga lile jicho la tutaonana nyumbani. Hata hivyo akamtembeza: chumba chenye kuta nene kama ngome, tangi la maji la kupimia miale, kompyuta anayopangia dozi. Mwalimu akauliza kama Ijumaa aripoti saa mbili. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kumbe kazi ile ina shahada yake nyingine, halafu miaka ya mafunzo chini ya mkubwa. Ukikosea kidogo tu, unachoma palipo pazima.

Mimi nilidhani ni kama kumshikia mtu foleni.

Nyumbani hakufoka. Aliuliza tu, "Hivi mwanangu, rubani akiumwa, ndege utampa mwalimu wa jiografia?" Nikaenda kuosha vyombo. Nilipomaliza, swali lile nilikuwa bado nalifikiria.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine imegoma kupita ukaguzi wa asubuhi. Wagonjwa wamejaa mabenchi, mama hawezi kutoka. Jukwaani, mguu wangu wa kushoto ulitaka kukimbia, wa kulia ukagoma. Mstari wa mbele nikaona tai nyekundu. Nikaihutubia tai. Ukurasa wa pili niliusoma mara mbili. Hakuna aliyegundua, jambo linalosema mengi kuhusu hotuba yangu.

Mama aliporudi akaniomba nimsomee yeye. Akaushika mkono wangu, akatabasamu, sentensi ya pili akakoroma. Nikasoma mpaka mwisho. Sikutetemeka hata kidogo.

Jumatatu, 14 Aprili
Balaa! Mwalimu kaaga. Amepata nafasi ya kusomea fizikia ya tiba. Akanishukuru mbele ya darasa kwa kumfungua macho. Mama kafurahi karibu alie: miaka michache tu, atakuwa na mwenzake. Ila mtihani ni mwezi ujao na mwalimu wa fizikia hatuna. Darasa zima linanitazama kama mwizi wa kuku.

Lakini mimi si mtu wa kukosa mpango. Mtaani hapa, nani anaijua fizikia kuliko wote? Nimekwenda kwa mwalimu mkuu, nikaviambia viatu vyake kwamba mama yangu Jumamosi hana kazi yoyote. Amefurahi mno, ameshabandika ratiba ya vipindi vya mama.

Mama bado sijamwambia. Amelala mezani.