Pipa la Mifupa Liondoke Kisimani Kwetu

Kijiji cha Ujamaa, jirani na Issuna
Mwezi wa mavuno, 1975

Ndugu Bwana Maji wa Wilaya,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia, kwa hiyo nimeitikia kabisa tusichelewe. Mwandiko ni wangu, nimeanza kisomo cha ngumbaru mwaka huu. Herufi zikilala zisamehe, ni wazee wenzangu.

Naomba pipa lako liondoke kisimani kwetu. Sababu ni hizi.

1. Mtu wako alitueleza kwamba meno ya watoto wetu yanakuwa ya kahawia kwa sababu ya chumvi moja iliyomo majini, tena huingia mifupani ikapinda miguu. Bwana Afya akasema chemsheni. Tulichemsha mpaka kuni zikaisha. Maji yakapungua, chumvi ikabaki palepale. Hata mdoezi huondoka ugali ukiisha, huyu haondoki.

2. Ndipo mwenyekiti wetu, Filipo, akatangaza kuwa maji yatachujwa. Mchujo naujua, nimepiga kura. Maji yetu hayakuomba ubunge, hayana alama ya jembe wala ya nyumba kwenye karatasi ya kura. Yamechujwa kwa kosa gani?

3. Mkaa wa kuchujia wenyewe ni wa mifupa. Kila kaya ilete mifupa, ichomwe tanurini mpaka iwe myeusi, ipondwe, ijazwe pipani, maji yapite humo. Mimi nilitoa ya fahali aliyechinjwa kwenye matanga ya mume wangu. Sasa nikinywa kikombe cha kwanza namkumbuka, nikinywa cha pili namsikia akiuliza chakula kiko wapi. Niliishi naye miaka arobaini, nilidhani nimepumzika. Na mbwa wa kijiji wamekonda, wananitazama mimi.

4. Hili ndilo kubwa. Meno yetu ndiyo kadi yetu. Mwaka ule wa njaa, tulipogawiwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, wajanja wa mbali walipanga foleni ya mgao wakisema ni wa hapa. Nikasimama mbele nikawaambia, "Chekeni." Mwenye meno meupe alirudi kwao na debe tupu. Sasa mjukuu wangu Selina amejifungua binti, Luciana. Tangu mimba anakunywa ya pipa tu, na amenikataza kumwonjesha mtoto hata tone la kisima. Huyo atakuja kucheka meno meupe kama chaki. Njaa ikirudi, nani ataamini ni wa kwetu? Mimi nitakuwa kaburini, siwezi kumtolea ushahidi.

Kwa hiyo pipa liondoke kabla ya mvua. Ukikataa nitakuja ofisini na mbwa wote.

Wasalimie wa ofisini wote, na mkeo. Mama yako mwambie amekulea vizuri, ila umekonda.

Ni mimi bibi yako,
Marietha Mughwai

Nyongeza: Ukija sasa, usije na spana ya kulifungua. Luciana ana miezi minne, na mtu wako alisema meno ya ukubwani huota mtoto akifika miaka sita, saba. Alisema pia mkaa huchoka, hubadilishwa. Nimeweka magunia mawili ya mifupa chini ya kitanda, na mbwa wa Filipo hajapata hata mmoja. Pipa liondoke siku atakayonichekea Luciana kwa meno hayo nikayaona. Miguu yangu imeshapinda, lakini nitamsubiri nimesimama hivyo hivyo.