Kisima Ndani ya Mgomba

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu Mkuu Sostenes ametangaza kwamba atakayefundisha vizuri zaidi jinsi mimea inavyokunywa maji, kwa watoto wa darasa la awali, atakwenda Ngara mjini kuwaonyesha walimu wa shule nyingine. Tuko wawili tu, mimi na Mwalimu Genoveva. Yeye keshaotesha maharage kwenye chupa. Kila mwaka maharage, kila mwaka anakwenda yeye. Mimi tangu nihamie Kirushya kutoka Shinyanga sijatumwa hata Rulenge.

Lakini leo nyuma ya shule nimeona kuku wanakunywa maji kwenye kisiki cha mgomba uliokatwa jana. Mvua haijanyesha. Maji yametoka wapi? Chini! Mizizi imeyasukuma! Nimemwambia Genoveva mwaka huu ajiandae kubaki. Akacheka, akasema Msukuma ana habari gani na migomba, nikachunge ng'ombe.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba Mkuu mgomba mmoja wa pale kwake, ubavuni mwa shule. Akasema nikate wowote uliomaliza kazi. Nikakagua kwa makini. Mmoja mnene, majani ya kupendeza, mkungu hauna. Unakula mbolea bure. Nikaukata huo, shina nikawapa mbuzi wake.

Kuchimba shimo kwenye kisiki ilikuwa shughuli. Katikati kuna kitu cheupe, kigumu, kimekaa kama kimeajiriwa. Nikakichokoa chote, nikafunika kwa bati. Shati langu jeupe limepata utomvu. Si kitu, litafuliwa. Usingizi hauji kwa furaha.

Jumatano, 5 Machi
Limejaa! Pomoni! Watoto walipiga kelele mpaka darasa la saba wakachungulia madirishani. Genoveva akasema nimemimina ndoo alfajiri. Nikachota maji yote mbele yake, nikafunika tena. Baada ya uji tukafunua: yamerudi. Genoveva akaenda kumwagilia maharage yake. Niyibizi, mtoto ambaye hajawahi kuuliza kitu, akauliza kama mizizi ndiyo midomo ya mgomba. Nilitamani kumbeba.

Mkuu akanipa mkono, akaniambia nitafute begi. Nami nikawatuma watoto wakawaonyeshe wazazi nyumbani. Ngara, nakuja. Shati limefuliwa mara tatu, madoa yamezidi kuwa meusi.

Alhamisi, 6 Machi
Wazazi wamejaa uwanjani. Watoto wamewaonyesha kweli, kila mmoja kwao, kwa kisu cha jikoni na msaada wa kaka zake. Na wamechagua migomba minene isiyo na mkungu, kama alivyosema Mwalimu Bulugu, yaani mimi.

Bibi Rozalia, bibi yake Niyibizi, alikuja na kile kitu cheupe amekifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaniuliza kama nakijua. Nikasema ni kizuizi cha maji. Akasema ndicho kinachobeba mkungu, ulikuwa njiani unapanda, na mwezi huu ungetokeza.

Mwalimu Mkuu akatoka mbio kuelekea nyuma ya nyumba yake. Tukamsikia mkewe, Mama Avelina, akilia kwamba zile zilikuwa ndizi za kipaimara cha binti yao.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao cha wazazi kimeamua nipande machipukizi katika kila nyumba iliyoharibikiwa. Genoveva ameondoka na chupa yake ya maharage. Alinipungia mkono. Nimelia kidogo. Mkuu aliponiona nikamwambia ni utomvu umeniingia machoni.

Jumamosi, 8 Machi
Nimechimba mashimo kwa Bibi Rozalia mpaka mgongo ukagoma. Niyibizi alikaa pembeni akimweleza bibi yake habari yote ya mizizi, shina na majani, bila kukosea. Bibi akamsikiliza hadi mwisho. Halafu akaniletea ndizi na maharage, akaniambia nile, mwanangu. Nilifurahi kuliko kwenda Ngara. Karibu sawa.

Nikamwahidi sitagusa tena mgomba wa mtu, na ahadi yangu nitaitunza.

Ila nikirudi nimepita ofisini kwa Mkuu. Mlangoni pana mpapai mnene, majani ya kupendeza, hauna hata tunda moja. Nimeugonga kwa ngumi. Ndani mtupu, wala hauhitaji kuchimbwa! Genoveva anarudi Jumatatu. Kesho naazima msumeno.