Muuza Makoti Aliyeomba Jua

Katika barabara yote ya Thika hadi Ruiru, Kaleli alikuwa mtu pekee aliyeuza makoti ya mvua huku akiomba mvua isinyeshe.

Biashara hiyo ilimjia asubuhi moja ya Aprili, mwaka wa hamsini na saba, akiwa ameketi karibu na daraja la Chania akiwatazama wafanyakazi wa viwandani wakipita na baiskeli zao. Jua lilikuwa kali. Kabla hajamaliza sigara mvua ikashuka, na wanaume wapatao ishirini wakajifunika magunia vichwani. Magunia hayajalowa vizuri, jua likarudi. Mtu mwingine angelalamikia hali ya hewa, lakini Kaleli alihesabu wateja.

Koti halisi alikuwa nalo moja. Lilikuwa la mzungu ambaye Kaleli alikuwa akimfulia nguo, nalo lilipotea siku mzungu huyo alipofungasha mizigo, mahali fulani kati ya kamba ya kuanikia na sanduku. Tusimsumbue Kaleli kwa maswali. Makoti mengine aliyashona mwenyewe kwa kitambaa cha marikani, akayapaka masizi yaliyokorogwa na wanga wa kupigia pasi, kisha akayasugua kwa mshumaa. Yakiwa makavu yaling'aa kuliko lile la Ulaya. Yakinyeshewa, yalirudi kuwa uji.

Mteja alijaribu lile halisi, akalimwagia maji kwa kikombe, akaona maji yanateleza, akalipa. Hapo Kaleli aliinama chini ya meza na kumtolea "lako, jipya kabisa", limefungwa ndani ya gazeti kwa kamba. "Usilifungue mpaka siku ya mvua," alimwonya, "mpira wake utapoteza nguvu."

Wiki iliyotangulia aliuza manne Makongeni, kule Thika. Jumamosi hii alikuja Ruiru na kumi ya mwisho. Nia yake ilikuwa safi: auze haya kumi, apande baiskeli yake kabla ya mawingu ya alasiri, aende Machakos afungue duka lake la dobi, na tangu siku hiyo awe mwaminifu mpaka kaburini. Alihitaji jua la saa chache tu.

Alitandika meza kando ya kibanda cha Kagwe, fundi wa baiskeli. Wa kwanza kuja alikuwa Absalom, nyapara wa shamba la kahawa, mtu mnene mwenye filimbi shingoni.

"Hii koti itanitosha kweli?" aliuliza Absalom.

"Bwana nyapara, koti la baiskeli si koti la kusimama," alisema Kaleli. "Ukiinama kwenye usukani linapanda, na maji ya gurudumu yanakupiga hapa nyuma. Kwa hivyo nyuma liwe refu. Kwapani liwe pana, maana ukipanda kilima utatoka jasho ulowe kutoka ndani. Kofia isizibe masikio, usije ukakosa kusikia lori. Tena likunjike lifungwe nyuma ya kiti, kwa sababu Ruiru ni jua, Juja ni mvua, ukifika Thika ni jua tena."

Hakuna neno hata moja la uongo hapo, na ndiyo sababu Kaleli alikuwa mtu hatari. Absalom alilipa. Wenzake sita wakafuata, kwa kuwa nyapara hawezi kuwa na kitu kizuri peke yake. Kufikia saa nane yalikuwa yamebaki matatu.

Tatizo ni kwamba waliokwisha kununua hawakwenda nyumbani. Walikaa kibandani kwa Kagwe wakinywa chai, vifurushi vyao magotini. Upande wa Kiambu wingu jeusi lilikuwa linajikusanya. Kaleli alianza kukunja meza.

"Ngoja kwanza, bwana," ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa mama mwenye kitambaa cheupe kichwani na kikapu kizito kilichofunikwa na kufungwa mafundo. Alisema anaitwa Nafuna, mkunga, na kazi yake ni kuzunguka mashamba kuzalisha akina mama, na mvua haimwulizi mtu kama yuko tayari.

"Simama hapa mama, nikupime," alisema Kaleli.

"Si umesema koti ya baiskeli si ya kusimama? Sasa mbona mimi unanisimamisha?"

Kibanda kizima kilicheka. Kagwe alimwaga chai.

"Baiskeli yangu imepata pancha," aliendelea Nafuna. "Nipatie yako niende na hii koti mpaka darajani, nirudi. Ikinikaa vizuri nachukua tatu. Yangu, ya bwana yangu, na ya sista wa zahanati."

Tatu! Kaleli alitazama wingu, akatazama vifurushi vyake vitatu, akaiona Machakos.

"Utaniachia nini, mama?"

"Kikapu. Wembe, nyuzi, vitu vya akina mama, kazi yangu yote iko humo. Lakini baba, usifungue."

Wanaume wote waliangalia pembeni. Kaleli mwenyewe alirudisha mkono nyuma. Alikuwa mtu wa kuingiza vidole mfukoni mwa mchungaji katikati ya sala, lakini mama yake, Katunge, hakuwa amemlea apekue kikapu cha mkunga. Akampa baiskeli, akamvalisha koti halisi. Nafuna akapanda, akapiga kengele mara mbili, akapotelea kwenye kona.

Robo saa ikapita. Kisha tone moja likaanguka juu ya meza.

"Mvua!" Absalom aliruka kwa furaha, akaanza kufungua kamba. "Haya jamani, tuvae!"

"Bado, bwana nyapara! Haya ni manyunyu tu, msipoteze nguvu ya mpira!"

Hawakumsikia. Wanaume saba walivaa wakafunga vifungo, wakatoka barabarani wamenyoosha mikono wapate kulowa vizuri. Kaleli alirudi nyuma hatua moja, mbili. Kwa miguu angefika wapi?

"Na wewe mbona huvai?" aliuliza Kagwe. "Utapata homa."

Kwa wema kabisa walimvalisha mojawapo ya yale matatu, wakamfunga kifungo cha juu. Ndipo mvua ikashuka yote.

"Ngai!" alisema Kagwe. "Bwana nyapara, koti yako inashuka."

Ilikuwa inashuka kweli. Uji mweusi ulimtiririka Absalom mpaka kwenye viatu. Aliugusa kwa kidole, akanusa, akaonja. "Huu ni wanga," alisema polepole, na wote saba wakageuka kumtazama Kaleli, ambaye naye alikuwa anatona kama mshumaa.

Hela zao walizichukua wenyewe mfukoni mwake, pamoja na zile za Makongeni zilizokuwa chini ya hizo.

"Mkunga atarudi," alisema Kaleli kwa sauti ndogo. "Ameniachia kazi yake yote."

"Mkunga gani?" alisema Kagwe. "Mkunga wa huku ni Gathoni, na huyo hajapanda baiskeli tangu azaliwe. Mimi nilifikiri huyu ni wa upande wa Murera."

Wakakizunguka kikapu, wanaume tisa waliolowa, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Mwishowe walimwita Syombua, mwanamke muuza ndizi, aliyewaona wajinga na akawaambia hivyo. Akafungua mafundo. Kulikuwa na mawe ya mtoni. Chini ya mawe alitoa donge jeusi la nguo, limekauka likawa gumu, na kwenye kola limeshonwa uzi mweupe.

Uzi ule Kaleli aliushona kwa mkono wake, Makongeni. Mteja aliitwa Barasa, mfanyakazi wa kiwandani, mrefu, aliyekuwa akikohoa. Aliomba alama ili koti lisibadilishwe na la mwingine, kwa sababu, alisema, "kifua changu na mvua havipatani, na mke wangu ananisihi nipate koti." Mke huyo ndiye aliyekuwa ameondoka na baiskeli na koti halisi.

"Hii ni kitu gani?" aliuliza Syombua.

Uongo mzuri kama mitano ulimjia Kaleli papo hapo, lakini safari hii aliona aibu ya kweli.

"Ni koti," alisema. "Nililishona mimi."