Vita vya Gesi Isiyo na Mtungi

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto, niwasimulie habari za Mama Vumbi, mpekuzi wa mbingu, aliyepata jina hilo kwa kulichunguza vumbi linaloizunguka nyota moja ya mbali, mabaki ya mawe yaliyogongana enzi zisizo na mashahidi. Yeye alishikilia kwamba ndani ya vumbi lile mna gesi. Mkurugenzi, bwana wa ghorofa zote, alimcheka, na siku ya kisa hiki aliapa kwamba gesi isipoonekana kabla ya chakula cha mchana, utafiti unafungwa.

Mama Vumbi akajifunga kibwebwe. Akauchambua mwanga wa nyota rangi kwa rangi, maana kila gesi huacha alama yake katika mwanga, akapepeta na kupepeta tena, hata mstari uliolala kifudifudi kwenye kompyuta ukainua kinundu mfano wa kipele, pale pale alama ya gesi ilipotakiwa. Furaha ikamzidi. Akafungua dirisha, akanguruma, "Gesi! Ipo gesi!"

Lahaula! Mlinzi, simba wa lango, aliyepata mafunzo ya zimamoto na tangu hapo akaingoja siku yake, akapuliza filimbi, jengo likatapika watu. Naye akapanda ngazi mbio hadi kwenye swichi kuu ya umeme, mlangoni pa Mama Vumbi, akaishika aizime, ilhali hesabu za shujaa wetu hazijahifadhiwa.

"Ewe mlinzi," akasema Mama Vumbi, "gesi ninayoinena iko mbali, hata mwanga wake uliondoka huko babu yako hajazaliwa."

"Mama, gesi haina mbali. Inasambaa. Mtungi wake uko wapi?"

"Haina mtungi."

"Hiyo isiyo na mtungi ndiyo inayoua."

Mama Vumbi akaona hapa maneno hayafui dafu, akamkaribisha ainuse. Mlinzi akainusa kompyuta kushoto na kulia, kwa utaratibu wa mafunzo, na pua yake ilipokuwa kazini, Mama Vumbi akahifadhi kila kitu. Hukumu ikatoka kwamba kwa sasa hali ni salama.

Mama Vumbi akashuka; chini uwanjani alisimama Mkurugenzi, wa kwanza kutoka, kiatu kimoja mguuni, akihema na kuwaambia watu kwamba hakuna gesi yoyote.

"Shikamoo, Mkurugenzi," akasema Mama Vumbi mbele ya wote. "Kama hakuna gesi, mbona umekimbia?"

Mkurugenzi akageuka, akaingia ndani. Akapanda ngazi akichechemea, akakikagua kinundu, shujaa wetu akiwa nyuma yake.

"Ipo," akasema.

Mama Vumbi akaketi sakafuni, akalia. Andikeni, enyi watunza tarehe, andikeni kwa wino mzito: chakula cha mchana kilikuwa bado hakijaiva.